Didi Nanichhori na Swichi ya Banepa

Jumanne hii, siku ya mwisho ya mwezi wa Asar katika kalenda yetu ya Nepali, Bi Nanichhori Ranjitkar, Mkuu wa Huduma kwa Wateja, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Dabali kwa miaka ishirini na miwili na miezi minne. Anaondoka akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, afya yake nzuri, macho yake makali na ulimi wake haujapungua chochote. Kesho yake, tarehe mosi ya mwezi wa Saun, ndiyo siku iliyopangwa kutoka toleo la nane la programu yetu. Uongozi unasema tarehe hizo mbili zimefuatana kwa bahati tu. Nami nimeziandika zote mbili hapa ili kila mtu azitazame kwa macho yake.

Aliyepewa heshima ya kuandika wasifu huu ni mimi, Subarna Chitrakar wa Kitengo cha Majaribio. Kazi yangu ni kuishuku programu kabla mteja hajaishuku, na ndiyo kazi inayonilisha. Dada Pramisha wa Utumishi aliponikabidhi jukumu hili alinipa na kikaratasi: andika kwa furaha, taja mafanikio, usiguse toleo la nane. Mtu akiniambia nisiguse kitu, mkono huanza kuniwasha. Nimeshakigusa katika aya ya kwanza, basi tuendelee na furaha.

Didi, yaani dada mkubwa, kama anavyoitwa na kila mtu hapa, hata na wanaomzidi umri, aliajiriwa kupika chai na kupokea simu. Wakati huo Dabali ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani hapa Patan, juu ya duka la wafua shaba, na kazi yetu ilikuwa kuhamisha kanda za harusi kwenye diski. Chai yake haikuwa nzuri na mwenyewe anakiri. Lakini simu alizipokea kama mtu anayefungulia mgeni mlango, na baada ya mwaka mmoja wateja wakawa wanampigia yeye hata pale tatizo lilipokuwa umeme wa kwao.

Kisha vijana wakatengeneza programu. Wazo lilikuwa jepesi: video na nyimbo zako zikae kwenye kompyuta yako, nyumbani kwako, nawe uzitazame kwenye televisheni ya sebuleni au kwenye simu ukiwa Doha. Ulilipa mara moja, basi. Didi alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Alikaa mbele ya mashine siku tatu akibonyeza kila kilichobonyezeka, na siku ya nne alimweleza aliyeiandika programu hiyo mahali alipokosea.

Ofisi nyingine za huduma kwa simu huanza kwa kuuliza, nikusaidie nini. Didi aliuliza swali jingine kabisa: "Unamtafuta nani?" Mwanzoni tulimcheka. Siku moja nikamuuliza kwa nini hasemi unatafuta faili gani.

"Mdogo wangu," akanijibu, "tangu niingie hapa sijapokea simu ya mtu anayetafuta faili. Huyu anamtafuta mwanawe siku aliyolishwa wali wa kwanza. Yule anamtafuta baba yake kabla hajapooza. Wewe endelea kutafuta mafaili yako."

Swali hilo liko ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa kitengo chake. Katika mwongozo mpya uliosambazwa mwezi uliopita nimelitafuta na sikuliona. Badala yake kuna sentensi isemayo, "Ungependa kutazama nini leo?" Sijui nani kaibadilisha, na kila niliyemuuliza alikuwa na haraka ya kwenda kikaoni.

Mafanikio yake makubwa, ambayo hayamo katika orodha niliyopewa na Utumishi, ni mtihani wa mama mkwe. Didi aliishi Kathmandu, mtaa wa Itum Baha, na mama mkwe wake, marehemu Bi Hirathakun, bibi mwenye miwani mizito na kidole kimoja kilichonyooka, vingine vyote vimepinda kwa baridi yabisi. Bibi huyu alitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye televisheni: kumwona marehemu mumewe akipiga ngoma ya dhimay katika tamasha la mtaa. Kila toleo jipya, kabla halijatoka, Didi alilipeleka nyumbani na kumpa bibi rimoti. Akibonyeza mara moja na kumwona mumewe, toleo limefaulu. Asipomwona, waandishi wa programu warudi mezani.

Nimeona vijana wenye shahada mbili wakikaa kwenye ngazi za nyumba ile wakisubiri matokeo. Toleo la tatu lilianguka kwa sababu maandishi yalikuwa madogo. La tano lilianguka kwa sababu ya picha ya kuzungukazunguka wakati wa kusubiri. Bibi alidhani mumewe anazungushwa. Tulicheka, tukarekebisha. Hakuna aliyedhani kwamba mtihani ule ungekuja kuwa jambo la ugomvi.

Miaka minne iliyopita wakaja wale tunaowaita wabia. Kampuni ilikuwa imepata fedha za watu, na watu walitaka fedha zao zizae. Ghafla kukawa na sehemu mpya katika programu yetu: filamu za wengine, vipindi vya wengine, na matangazo ya biashara katikati yake. Mwanzo sehemu hiyo ilikaa mwishoni kabisa, ukitaka unaiona, usipotaka huioni. Baada ya miezi sita ikahamia katikati. Tukaambiwa ni maboresho. Neno hilo mimi nikilisikia hushika mfuko wangu.

Barua zikaanza kumiminika kwa Didi. Watu hawakulalamikia filamu zenyewe, kila mtu anapenda filamu. Waliuliza jambo moja kwa namna mia: hivi hii bado ni nyumba yangu? Mwalimu mstaafu wa Pokhara aliandika kwamba aliweka video ya harusi ya binti yake Jumapili, na Jumatatu programu ikamwonyesha tangazo la sari za maharusi. "Naomba mniambie kwa upole," aliandika, "nani kati yenu alihudhuria harusi ya binti yangu?"

Didi alinipa barua hiyo nikachunguza, na niliporudi hakuhitaji maelezo marefu, aliniona usoni. Siku hiyohiyo aliingia kwenye kikao cha wakuu bila kualikwa, akasimama karibu na dirisha. Mkurugenzi wetu, Bwana Abhaya Rimal, ni mtu muungwana, na yeye pia humwita Didi.

"Tunasoma majina ya video zao?" Didi akauliza.

"Hatusomi, Didi. Mashine ndiyo inayosoma."

"Mashine ya nani?"

Nilikuwepo, nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Hakuna aliyejibu, nami nikaandika kwamba hakuna aliyejibu. Katika kumbukumbu zilizosambazwa baadaye sentensi hiyo haikuwemo.

Toleo la saba likapelekwa Itum Baha kama desturi. Bi Hirathakun alibonyeza, na aliyetokea kwenye skrini alikuwa kijana mwenye nywele zinazong'aa akiuza shampuu. Bibi akamkazia macho, akamgeukia Didi. "Huyu nani kaingia nyumbani kwangu bila kuvua viatu?"

Toleo likaanguka. Didi akaandika ripoti, nami nikaitia saini. Toleo likatoka vilevile, wiki hiyohiyo, na safari hii filamu za wabia zikiwa ndiyo skrini ya kwanza, zikianza kucheza zenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kidole cha bibi kupuuzwa, na Didi hakula chakula cha mchana na sisi kwa siku kadhaa. Alikasirika na alikuwa na haki.

Sasa nifike Banepa, maana wapo vijana wapya wanaoitumia swichi ile kila siku bila kujua ilizaliwa wapi.

Mwezi wa Poush, baridi imekaza, Bwana Tirtharaj Dhungana wa Banepa alifiwa na mama yake. Yeye ndiye mwana mkubwa. Kwa hiyo alinyoa kichwa, akavaa nguo nyeupe, akakaa kwenye mkeka wa majani katika kona yake kwa siku kumi na tatu, chakula kimoja kwa siku, bila chumvi, haguswi na mtu wala hamgusi mtu. Nyumba ya msiba haipigi muziki, na kwetu hilo halihitaji kusemwa. Siku ya kumi, mdogo wake aliyekwama Doha aliomba kwa simu aonyeshwe uso wa mama, maana kwenye simu yake alikuwa bado hajaiweka programu yetu. Ilikuwepo video: mama amekaa barazani akipukuchua mahindi na kumsema nyati wake. Video hiyo ilikuwa ndani ya programu yetu, kitu cha kwanza kabisa kwenye skrini, na mjomba akashika rimoti kwa sababu Tirtharaj haruhusiwi.

Hawakujua kwamba siku iliyotangulia toleo la saba lilikuwa limejisakinisha lenyewe. Mjomba akabonyeza. Ikalipuka ngoma ya harusi, filamu ya wabia, wasichana wenye nguo za kumeremeta na tarumbeta juu. Kuhani yupo, wazee wa mtaa wapo, madirisha ya majirani yako wazi. Tirtharaj akiwa konani akaelekeza, kitufe cha nyuma, cha nyuma, mjomba akibabaika akabonyeza cha sauti, ikazidi. Soketi ilikuwa nyuma ya mkeka wa Tirtharaj. Kila mtu aliogopa kupita pale asimguse. Mwishowe mjomba akajinyoosha juu yake, akachomoa, na katika kujinyoosha akamgusa bega, ikabidi mwenye msiba akaoge upya kwa maji ya bomba katika baridi ile. Yote hayo yalichukua dakika nne. Doha, mdogo mtu alisikiliza yote.

Jioni mtaa mzima ulikuwa unasema watoto wa marehemu wamecheza ngoma mama yao hajatimiza siku kumi na tatu. Na yapo mabaya zaidi. Programu yetu ilihesabu zile dakika nne kuwa ni kupenda. Asubuhi yake walipowasha tena kuangalia kama imetulia, skrini ikawaambia: kwa kuwa ulifurahia ngoma za harusi, hizi hapa tisa nyingine.

Tirtharaj aliomba simu ishikwe karibu na mdomo wake, akampigia Didi. Didi alimuuliza, kama kawaida, anamtafuta nani. Akajibu, "Namtafuta mama yangu, Didi. Mmemficha wapi?"

Kitengo kilikuwa na jibu lililoandaliwa tayari kwa malalamiko ya aina hiyo: mteja amebonyeza mwenyewe. Didi aliigeuza karatasi yenye jibu hilo upande wa pili, akaandika anwani, akapanda basi la Banepa. Hakuomba ruhusa. Alikaa na wafiwa chini kwenye majani, kisha akazunguka nyumba saba za majirani, mlango kwa mlango, sari yake ya kazini na kitambulisho chetu shingoni, akisema maneno yaleyale: "Ile ngoma tuliipiga sisi wa Dabali. Watoto wa marehemu hawakuipiga. Mkitaka kumlaumu mtu, mimi hapa." Nyumba ya nne walimfungia mlango. Akasubiri nje hadi wakafungua.

Aliporudi alipita moja kwa moja ofisini kwa Bwana Abhaya, majani bado yamemng'ang'ania kwenye sari. Mlango ulikuwa wazi na sauti yake haijawahi kuwa ndogo.

"Nataka swichi. Mtu akiiwasha, aone vya kwake tu. Na akishaiwasha, isizimike mpaka aizime mwenyewe, hata mkibadilisha matoleo mia."

"Wabia hawatakubali, Didi."

"Basi wabia waje Banepa, mlango wa nne, wajieleze."

Aliipata swichi baada ya siku tisa. Katika programu imeandikwa "Vya kwetu tu", lakini waandishi wa programu huiita Banepa, na nadhani hata wasiojua sababu huitaja kwa adabu kidogo. Mwalimu wa Pokhara aliiwasha akatuletea kikapu cha machungwa. Tirtharaj aliiwasha baada ya siku kumi na tatu kwisha, na mdogo wake wa Doha sasa anamwona mama yao akimsema nyati kwa kubonyeza mara moja.

Ningeishia hapo, wasifu ungekuwa mzuri na Pramisha angenishukuru. Lakini wiki tatu zilizopita nilipewa toleo la nane ili nilifanyie majaribio. Nikaitafuta Banepa. Ipo. Nikaiwasha, nikazima mashine, nikawasha tena, na swichi ilikuwa imezimika. Nikarudia mara sita. Nikaandika kasoro kama inavyotakiwa, na baada ya dakika kumi na moja ikarudishwa imefungwa, na maneno: "Si kasoro. Imekusudiwa." Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, na hakuna kasoro yangu iliyowahi kusomwa ndani ya dakika kumi na moja. Na aliyeipigania swichi hiyo anaondoka siku moja kabla. Mtaniambia nashuku kila kitu. Ni kweli, hata keki ya leo nimeikata kipande nikaiangalia ndani kwanza.

Nilimwendea Didi na jambo hilo. Bi Hirathakun alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, na tulidhani ule mtihani umekwenda naye. "Waliungoja ufe," nikamwambia. Didi akasema tu, "Ngoja tuagane nao vizuri."

Katika kikao cha wafanyakazi wote, Bwana Abhaya akamuuliza mbele ya watu thelathini na mmoja angependa zawadi gani ya kuagwa. Tulitazamia aseme shali, au televisheni. Akasimama.

"Mtihani wa mama mkwe uendelee. Toleo lisitoke bila mtihani."

"Lakini Didi," Bwana Abhaya akasema kwa upole, "mama mkwe, Mungu amrehemu, hayupo."

"Mmesahau mwanangu kaoa mwezi wa Falgun? Mlikula wali wake, wewe ulirudia mara mbili. Mama mkwe ni mimi sasa."

Ukumbi mzima ukacheka, na Bwana Abhaya akacheka kuliko wote, akasema sawa, amekubali, iandikwe. Nami ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Niliandika kabla kicheko hakijaisha, nikampelekea aweke saini akiwa bado anajifuta machozi. Safari hii sentensi haitapotea, nakala ninazo nne.

Alhamisi iliyopita tulilipeleka toleo la nane Itum Baha. Didi alikaa kwenye kiti kilekile cha Bi Hirathakun, mkwe wake kasimama pembeni na mimi mlangoni. Swichi niliiwasha mwenyewe, tukazima mashine, tukaiwasha. Sasa anayetafutwa alikuwa Bi Hirathakun: kuna video fupi ya bibi akiwa kwenye kiti hicho, akilalamika kwamba toleo la tano linamzungusha mumewe. Didi akanyoosha kidole akabonyeza mara moja. Akatokea kijana wa shampuu.

Aliiweka rimoti juu ya mapaja, na nilimwona akiutafuta uso wa mama mkwe wake kwenye skrini kama wateja wake wote walivyokuwa wakitafuta nyuso zao, na mimi, ambaye hulipwa kwa kushuku, nilitamani sana siku hiyo niwe nimekosea. Kisha akaomba fomu, akaandika: limeanguka.

Bwana Abhaya alisema ule ulikuwa mzaha wa kuagana. Nikamwonyesha saini yake. Jana imetoka taarifa kwamba toleo la nane limeahirishwa "kwa muda, kwa sababu za kiufundi". Kwa hiyo kesho, tarehe mosi Saun, halitoki, na nyumba ya Banepa itawasha televisheni na kumwona mama. Neno "kwa muda" nimelisoma mara nyingi na silipendi. Lakini toleo hilo likitaka kutoka, litapitia kwanza Itum Baha, chini ya kidole cha mstaafu.

Didi, tunakushukuru kwa miaka yote, kwa chai mbaya na kwa mlango wa nne. Ile iliyofungwa kwa karatasi nyekundu pale mezani ni televisheni, hawakujizuia. Sijui wameweka toleo gani ndani, kwa hiyo usiiwashe kabla sijafika. Tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma na mkwe mwenye subira. Na kuanzia kesho wewe ni mteja. Ukitupigia, mwongozo mpya unatutaka tukuulize ungependa kutazama nini leo. Hatutakuuliza hivyo. Simu yako nitaipokea mimi, na nitakuuliza unamtafuta nani.